Kuona na Kutambua: Jinsi Ubongo Unavyojifunza Kuvijua Vitu Kupitia Tajriba ya Macho

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna ubongo wa binadamu unavyojifunza kutambua vitu kwa kuviona. Hoja kuu inayojengwa ni kwamba kutambua si kipawa anachozaliwa nacho mtu kikiwa kimekamilika, bali ni ujuzi unaojengwa polepole na tajriba ya macho, na hujengwa vyema zaidi katika miaka ya mwanzo ya uhai. Ushahidi unatolewa kutokana na vipofu waliorudishiwa uwezo wa kuona, uchunguzi wa seli za ubongo wa wanyama, na utafiti kuhusu nyuso na herufi. Mwishoni, makala yanaonyesha kwa nini maarifa haya yanamhusu mwanafunzi na mwalimu wa Kiswahili, hasa yule anayemfundisha mtoto kusoma.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina msamiati mpana wa matendo ya macho. Mtu huona, hutazama, huchungulia, hukodoa, hubaini na hutambua. Vitenzi hivi havilingani kimaana. Kuona ni tukio: kitu kimepita mbele ya macho. Kutazama ni kitendo cha hiari: mtu ameyaelekeza macho yake mahali. Kutambua ni hatua ya tatu, nayo ni kukijua kilichoonwa kuwa ni kitu fulani na wala si kingine. Ndiyo maana mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema, bila kujipinga, “Nilimwona lakini sikumtambua.” Sentensi hiyo ya kawaida imebeba tatizo ambalo wanafalsafa na wanasayansi wamelishughulikia kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Ni muhimu pia kufafanua neno tajriba. Baadhi ya waandishi hupendelea neno uzoefu, ambalo linatokana na kitenzi zoea. Katika makala haya, tajriba itachukuliwa kuwa jumla ya yote ambayo macho yamekutana nayo, na mazoea kuwa athari inayobaki katika ubongo baada ya kukutana huko. Tofauti hii ni ndogo lakini itasaidia, kwa kuwa si kila kinachoonwa kinachoacha mazoea.

2.0 Kitu Kimoja, Picha Nyingi

Kwa mtu mzima mwenye macho mazima, kutambua huonekana kuwa jambo jepesi mno. Mwaka 1996, Simon Thorpe na wenzake nchini Ufaransa waliwaonyesha watu picha kwa muda wa milisekunde 20 tu na kuwataka waseme kama mlikuwa na mnyama ndani yake. Vipimo vya umeme wa ubongo vilionyesha kwamba tofauti kati ya picha zenye wanyama na zisizo nao ilijitokeza baada ya milisekunde 150 hivi. Huo ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Wepesi huu unaficha ugumu mkubwa. Chukua mfano wa kikombe kilicho mezani. Kikitazamwa kutoka juu, ni duara. Kikitazamwa kutoka upande, kinakaribia kuwa mstatili wenye kishikio. Kikisogezwa mbali, picha yake hupungua. Taa ikizimwa na dirisha kufunguliwa, rangi na vivuli vyake hubadilika. Birika likiwekwa mbele yake, nusu yake hutoweka. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupata picha bapa ambayo ni nadra sana kujirudia kama ilivyokuwa. Hata hivyo, mtazamaji husema kila mara kwamba hicho ni kikombe kilekile. Kwa upande mwingine, embe bichi na parachichi, vikiwa mbali kidogo, huweza kutoa picha zinazokaribiana sana ilhali ni vitu viwili tofauti.

Ubongo, basi, una kazi mbili zinazovutana. Unapaswa kupuuza tofauti zisizo na maana na wakati uo huo kuzingatia tofauti zenye maana. Mwanafunzi wa isimu hatalishangaa jambo hili, kwa sababu amekutana nalo katika fonolojia. Fonimu moja hutamkwa kwa namna nyingi kutegemea mzungumzaji na mazingira ya sauti, lakini msikilizaji mzawa husikia sauti moja. Msikilizaji huyohuyo hawezi kuchanganya ‘pata’ na ‘bata’, ingawa tofauti ya sauti hizo mbili za mwanzo ni ndogo. Aliyekulia katika lugha isiyotenganisha /l/ na /r/ huona taabu kuzibainisha anapojifunza Kiswahili. Masikio yake hayana kasoro. Ni tajriba yake iliyomfunza kupuuza tofauti hiyo. Kama itakavyobainika, macho nayo yana fonolojia yao.

3.0 Swali la Molyneux na Majibu Yake

Mwaka 1688, William Molyneux, msomi wa mji wa Dublin ambaye mkewe alikuwa kipofu, alimwandikia mwanafalsafa John Locke swali. Kuna mtu aliyezaliwa kipofu na ambaye amejifunza kwa mikono kutofautisha mchemraba na tufe. Akifumbuliwa macho ukubwani, je, ataweza kusema, kwa kutazama tu bila kugusa, lipi ni tufe na upi ni mchemraba? Molyneux alijibu kwamba hataweza. Locke aliafikiana naye na akaliingiza swali hilo katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu, lililotoka mwaka 1694.

Jibu la kitabibu lilianza kupatikana mwaka 1728. William Cheselden, daktari mpasuaji wa Uingereza, alitoa taarifa ya mvulana aliyekuwa na mtoto wa jicho tangu utotoni na ambaye alitibiwa akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Mvulana huyo alipoanza kuona, alidhani kwamba kila alichokiona kilikuwa kinayagusa macho yake. Hakujua umbo la kitu chochote kwa kukitazama. Alimchanganya paka na mbwa mara kwa mara hata akaona haya kuuliza. Siku moja alimshika paka, akampapasa, akamkazia macho, kisha akamwachilia akisema kwamba sasa angemjua wakikutana tena. Picha za kuchora nazo hakuzielewa kwa muda wa miezi miwili hivi. Alizichukulia kuwa ni mabaka ya rangi tu.

Kisa kingine mashuhuri ni cha mwanamume Mwingereza aliyetajwa katika taarifa ya kitaaluma kwa herufi S.B. Richard Gregory na Jean Wallace walichapisha taarifa hiyo mwaka 1963. S.B. alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto wa miezi kumi, na akapandikizwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, alipokuwa na umri wa miaka 52. Jambo lililowastaajabisha watafiti ni kwamba aliweza kuzisoma herufi kubwa bila kufundishwa upya, ilhali herufi ndogo hakuzijua. Sababu ilikuwa kwamba katika shule ya vipofu alikuwa amefunzwa herufi kubwa kwa kupapasa maumbo yake, na hakuwahi kupewa herufi ndogo. Alipopelekwa katika jumba la makumbusho la sayansi jijini London kuitazama mashine ya kukerezea, hakuweza kusema alichokiona mpaka aliporuhusiwa kuigusa. Maisha yake baada ya upasuaji hayakuwa ya furaha. Alizama katika huzuni na kufariki mwaka 1960.

Kisa cha S.B. kinaonekana kumpinga Molyneux, kwa kuwa maarifa ya mikono yalihamia machoni. Hata hivyo, kipofu mmoja mmoja hatoshi kuwa msingi wa hitimisho. Jaribio lililopangwa vyema zaidi lilitokana na mradi uitwao Prakash, ulioanzishwa na Pawan Sinha wa chuo cha MIT cha Marekani ili kuwatibu watoto vipofu nchini India na papo hapo kuchunguza jinsi wanavyojifunza kuona. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, watoto watano wenye umri wa miaka 8 hadi 17 walipimwa mara baada ya matibabu. Walipotakiwa kulinganisha umbo walilolishika na umbo jingine la kushika, au walilolitazama na jingine la kutazama, walipata zaidi ya asilimia 90. Walipotakiwa kulitambua kwa macho umbo walilolishika kwa mikono, walipata asilimia 58 tu, karibu sawa na kubahatisha. Molyneux, basi, alikuwa na haki. Lakini la kutia moyo zaidi ni kwamba baada ya siku chache tu za kuona, alama zao zilipanda sana bila mafunzo maalumu.

4.0 Udongo Uwahi Ungali Maji

Ni nini kinachobadilika ndani ya ubongo? Taarifa za mwanga hutoka katika retina na kufika kwenye gamba la ubongo lililo upande wa kisogo. Kutoka hapo, njia moja kuu hushuka kuelekea sehemu ya chini ya ubongo, karibu na usawa wa masikio, na ndiyo inayohusika zaidi na kutambua vitu. Kuanzia mwaka 1959, David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha kwamba seli za kituo cha kwanza huko kisogoni mwa paka hazijibu mwanga wowote tu. Kila seli hupendelea mstari ulioinama kwa pembe fulani. Seli za vituo vya mbele hukusanya taarifa hizo sahili na kujibu maumbo changamano zaidi: pembe, mikunjo, hata nyuso.

Watafiti hao wawili walikwenda mbali zaidi. Walilifumba jicho moja la mwanapaka kwa miezi michache ya mwanzo ya uhai wake kisha wakalifumbua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini takriban seli zote za gamba la ubongo zilikuwa zimeacha kulisikiliza na kulifuata jicho jingine. Paka mzima alipofumbwa jicho kwa muda kama huo, hakuathirika kwa namna hiyo. Kwa kazi yao, Hubel na Wiesel walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na seli hizi zinathibitisha kauli hiyo: kuna majira ambamo ubongo uko tayari kufinyangwa, na majira hayo hayangoji.

Kwa binadamu, athari hii imeonekana kwa watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Mwaka 2001, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Richard Le Grand na Daphne Maurer walitoa matokeo kuhusu watu waliotibiwa wakiwa na umri wa kati ya miezi miwili na sita. Hata baada ya miaka tisa au zaidi ya kuona, bado walitatizwa na kazi moja mahususi: kutofautisha nyuso kwa kuzingatia umbali kati ya macho, pua na mdomo. Miezi michache ya giza iliacha pengo ambalo miaka mingi ya nuru haikulijaza.

Hata hivyo, matokeo ya mradi wa Prakash yanaonya dhidi ya kukata tamaa. Ukali wa macho ya watoto waliochelewa kutibiwa hubaki hafifu, lakini wengi wao hujifunza kutambua vitu kwa kiwango cha kuyabadilisha maisha yao. Dirisha halifungwi kwa kishindo. Huendelea kurudishwa polepole.

5.0 Mwendo Kama Mwalimu

Swali linalofuata ni jinsi ubongo unavyojua kwamba picha mbili zisizofanana ni za kitu kimoja, ilhali hakuna anayeuambia. Jibu mojawapo ni mwendo. Watafiti wa Prakash waligundua kwamba wagonjwa waliotoka kufumbuliwa macho walipoonyeshwa maumbo mawili yaliyopandana, waliyagawa katika vipande vingi na kuhesabu kila kipande kuwa kitu. Walipoonyeshwa mpira wenye kivuli, baadhi ya sehemu zilizotenganishwa na mwanga walizichukulia kuwa vitu mbalimbali. Maumbo yaleyale yalipoanza kusogea, vipande vilivyosogea pamoja viliungana machoni mwao na kuwa kitu kimoja. Katika taarifa ya mwaka 2009, Yuri Ostrovsky na wenzake walieleza kwamba vitu vilivyozoeleka kuonekana vikisogea ndivyo vilivyotambuliwa kwa urahisi zaidi.

Wakati nao hufundisha. Katika maisha ya kawaida, sura mbili zinazofuatana upesi machoni aghalabu ni za kitu kimoja kilichogeuka au kilichosogea. Mwaka 2008, Nuo Li na James DiCarlo wa MIT waliipima kanuni hii kwa nyani. Kila mnyama alipokuwa anahamisha macho kukielekea kitu fulani, watafiti walikibadilisha kitu hicho kwa kingine katika nukta hiyo ambayo macho yanaruka na hayaoni barabara. Baada ya saa moja au mbili, seli za kutambua zilianza kuvichanganya vitu hivyo viwili mahali palepale walipodanganywa. Ubongo ulikuwa umefuata kanuni yake: vinavyofuatana ni kimoja.

Tajriba yenye manufaa pia huhitaji kitendo. Mwaka 1963, Richard Held na Alan Hein waliwafunga wanapaka wawili katika mtambo wa kuzunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake na mwingine alibebwa kikapuni, huku wote wakiona mandhari ileile. Aliyetembea alijifunza kukadiria kina na umbali, aliyebebwa hakujifunza. Wote wawili waliona, lakini ni mmoja tu aliyepata mazoea.

6.0 Mazoea Hufungua na Hufunga

Kujifunza kutambua si kuongeza tu. Mwaka 2002, Olivier Pascalis na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi sita huweza kutofautisha tumbili mmoja na mwingine kwa sura kama wanavyotofautisha watu. Watoto wa miezi tisa, sawa na watu wazima, walibainisha nyuso za watu tu. Macho ya mtoto hupoteza yasichokitumia, kama vile sikio lake linavyopoteza sauti zisizo za lugha inayomzunguka. Mchungaji anayemjua kila ng’ombe wake kwa sura amefanya kazi ya kulizuia dirisha hilo lisifungwe.

Kuna mjadala kuhusu iwapo nyuso zina eneo lake la kuzaliwa nalo. Mwaka 1997, Nancy Kanwisher na wenzake walieleza sehemu ya ubongo inayojibu nyuso kuliko vitu vingine. Mwaka 2000, Isabel Gauthier na wenzake walionyesha kwamba sehemu hiyohiyo huamka kwa mabingwa wa ndege au magari wanapotazama vitu vya fani yao. Kisha mwaka 2017, kundi la Margaret Livingstone wa Harvard liliripoti kwamba nyani waliolelewa bila kuona nyuso hawakuwa na vituo vya nyuso katika ubongo wao. Huenda mtu huzaliwa na mwelekeo fulani, lakini bila tajriba mwelekeo huo hauzai matunda.

7.0 Herufi: Baba na Dada

Sehemu hii ndiyo inayowahusu zaidi watu wa lugha. Maandishi yana umri wa miaka elfu tano na ushei tu, muda mfupi mno kwa ubongo kuota kiungo cha kusomea. Hata hivyo, kila msomaji ana eneo moja upande wa kushoto, chini kuelekea nyuma, linalojibu maneno yaliyoandikwa. Utafiti wa Stanislas Dehaene na wenzake wa mwaka 2010, uliofanywa nchini Brazili na Ureno, uliwalinganisha watu wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani, na waliosomea shuleni utotoni. Eneo hilo liliamka kwa maandishi kadiri ya ujuzi wa kusoma, hata kwa wale waliojifunza wakiwa watu wazima. Kusoma hukopa sehemu ya mitambo ya kutambua vitu na kuifunza kazi mpya. Kwa hiyo gumbaru bado yana nafasi yake, na msemo kwamba elimu haina mwisho una ushahidi wa kibayolojia.

Mkopo huu, hata hivyo, huja na deni. Kikombe ni kikombe, kishikio kiwe kulia au kushoto. Paka anayeelekea kulia ndiye paka yule anayeelekea kushoto. Tangu utotoni ubongo umejifunza kupuuza tofauti ya upande. Mtoto anapoingia darasa la kwanza, anakabidhiwa herufi ‘b’ na ‘d’, ambazo ni umbo moja lililogeuzwa, na kuambiwa kwamba ni vitu viwili. Katika Kiswahili kosa hili halijifichi, kwa kuwa huzaa maneno halali: ‘baba’ husomwa ‘dada’, ‘dawa’ huwa ‘bawa’, na ‘dua’ huwa ‘bua’. Mtoto anayesoma hivyo si mzembe wala si mjinga. Anatumia kanuni ambayo imemfaa kwa miaka yake yote na ambayo sasa anatakiwa kuitangua kwa ajili ya herufi peke yake. Adhabu haifundishi kanuni mpya. Kinachoifundisha ni mazoezi.

Kuhusu aina ya mazoezi, utafiti wa Karin James na Laura Engelhardt uliochapishwa mwaka 2012 una uzito. Watoto wa miaka mitano ambao hawakujua kusoma walizoezwa herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe kwa mkono, kufuatisha nukta, na kubonyeza kibodi. Baadaye, kuzitazama herufi kuliamsha mitambo ya kusoma pale tu mtoto alipokuwa ameziandika mwenyewe. Herufi ya mtoto hutoka vibaya na haifanani mara mbili, na huenda humo ndimo faida ilimo, kwa maana anakutana na sura nyingi za kitu kimoja. Mwalimu asiye na vifaa vingi anaweza kutumia kidole na mchanga uwanjani. S.B. alifunzwa herufi na mikono yake kabla ya macho yake kuziona.

Wanafunzi wa fasihi ya kale nao hupitia safari hiyohiyo ukubwani. Miswada ya Kiswahili ya Lamu, Pate na Mombasa iliandikwa kwa khati za Kiarabu. Katika khati hizo, herufi moja hubadilika umbo kutegemea kama iko mwanzoni, katikati, mwishoni au peke yake, ilhali ‘be’, ‘te’ na ‘the’ zina kiwiliwili kimoja na hutofautishwa kwa idadi na mahali pa nukta. Macho yaliyozoea herufi za Kirumi yanapaswa kupuuza mabadiliko makubwa ya umbo na kuthamini nukta ndogo. Isitoshe, katika miswada mingi herufi ‘be’ iliandikwa pia mahali pa /p/, hivyo muktadha ndio unaoamua kama neno ni ‘bata’ au ‘pata’. Anayelalamika kwamba khati hizo ‘hazisomeki’ anaeleza hali ya tajriba yake wala si hali ya mswada.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba macho huleta mwanga lakini ubongo ndio unaotambua, na kwamba ubongo hujifunza kazi hiyo kwa wingi wa mikutano, kwa mwendo, kwa mfuatano wa wakati na kwa ushirikiano wa macho na mikono. Mambo mawili ya utendaji yanafuata. Kwanza, mboni ya mtoto mchanga ikionekana kuwa na weupe, apelekwe hospitalini mapema iwezekanavyo, kwani mwezi mmoja katika umri huo una uzito kuliko mwaka mzima baadaye. Pili, mwalimu wa madarasa ya chini achukue makosa ya ‘b’ na ‘d’ kuwa hatua ya kujifunza, ayatarajie na ayaandalie mazoezi ya kuandika.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kuna uwanja ambao haujalimwa vya kutosha. Kiswahili kina silabi zilizo wazi na tahajia inayofuata matamshi kwa karibu. Namna mtoto anayesoma lugha ya aina hii anavyojifunza kuyatambua maneno yaliyoandikwa ni swali linalowafaa wanaisimu, wanasaikolojia na walimu kulichunguza kwa pamoja katika madarasa ya Afrika Mashariki.